Nduru Si Kazi ya Sanduku

Keki ya kuniaga ilikuwa tamu, hiyo sitawanyima. Leso mliyonifunga mabegani nashukuru, na kiti cha kukalia barazani nashukuru pia. Lakini keki ikiwa bado iko mdomoni, meneja akasema, "Sasa tumsikize anayechukua nafasi ya Shosho," yaani mimi bibi yenu, akabonyeza simu yake, na sauti mpya ya kompyuta ikatoka: "Mpendwa mteja, tungependa kukujulisha kwamba hali isiyo ya kawaida imegunduliwa katika eneo la jikoni." Mkapiga makofi, nyinyi wote. Mimi sikupiga. Kutoka pale kwa "mpendwa" mpaka kufika "jikoni", mtu anaweza kutoka kitandani, kuvuka nyumba, kuwasha kiberiti na kukutana na Murungu wake.

Kwa hivyo ninaandika, na nyinyi mnaobaki kwenye karakana msome. Anayepiga chapa ni mjukuu wangu Kinya. Yuko chuo kikuu, nimewaambia mara nyingi na nitawaambia tena. Nimemuonya akisafisha neno langu hata moja, leo atajipikia. Mimi nilifika darasa la nne. Sikufukuzwa, ni vile mbuzi wa baba walinihitaji kuliko mwalimu.

Hapo Makutano niliingia na ndoo na fagio. Kampuni ilikuwa inafunga vile visanduku vyeupe vya ukutani ambavyo vinalinda nyumba na kuiendesha: vinafungua geti, vinazima pampu tangi likijaa, vinanusa gesi, halafu vinasema kwa mdomo ni nini kimetokea. Kazi yangu ilikuwa kupiga deki na kupika chai. Asubuhi ya kwanza nimeinama chini ya meza ya mafundi, sanduku likaongea juu ya kichwa changu. Nikalijibu, "Unasema?" Likarudia. Nikasema, "Rafiki yangu, toa pamba mdomoni." Mafundi wakacheka sana. Hakuna aliyejiuliza kama mama wa deki amesema kweli.

Kiswahili cha visanduku wakati huo kilikuwa cha karani wetu, msichana mwenye diploma. Alikisoma kwa karatasi akiwa amekaa dirishani, na dirisha linaangalia steji ya matatu za Nkubu. Mteja mmoja wa Mitunguu, mkulima wa ndizi, akapiga simu akiwa amekasirika. Kila geti lake likifunguka, sanduku linasema "Geti limefunguliwa," na nyuma ya hayo maneno kuna mwanamume anaita, "Nkubu! Nkubu mmoja!"

"Mke wangu ametoka nje mara tatu kumtafuta huyo makanga," alisema. "Mara ya tatu alitoka na rungu."

Ofisini walicheka mpaka machozi. Mimi nilikasirika, na mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Mtu amekuamini, amekuruhusu uweke mdomo ukutani kwake, karibu na pahali watoto wake wanalala, na wewe unamwekea kelele za steji.

Aliyesikia visanduku kwa masikio alikuwa mmoja tu, Fundi Gitonga. Alikuwa ametengeneza redio kabla wengi wenu hawajazaliwa, na vidole vyake vilikuwa na makovu ya chuma cha kulehemu. Wengine wote waliangalia taa. Taa ikiwa kijani, kazi imeisha, twende tukale. Siku moja Gitonga alikuwa huko nyuma na jenereta, stima imepotea. Nikasimama mlangoni nikamwita chai. Akaja mbio.

"Umesema nini?"

"Nimesema chai iko tayari, na mandazi ni mawili, si matatu kama ulivyojipa jana."

"Nimesikia yote. Jenereta inanguruma pale na nimesikia mpaka mandazi!"

"Kwani ulitaka nikufiche?"

"Yule karani ameniita asubuhi yote, sijasikia hata jina langu. Mama Kagendo, nani alikufundisha kuongea?"

Hakuna aliyenifundisha. Nilizaliwa Mbeere, kule chini Embu kwenye jua, na huko nyumba ziko mbali mbali. Jirani yako yuko ng'ambo ya korongo, na unataka kumuuliza kama amemuona mbuzi wako. Ukipayuka, maneno yanavunjika njiani. Unalitupa neno moja, unaliacha lifike, ndipo unatupa la pili. Mtoto wa Mbeere anajua hivyo kabla ya kujua kuhesabu. Nilipoolewa huku Meru walinicheka eti ninaongea kama mtu anayeita ng'ombe. Gitonga hakucheka. Alinivua aproni siku hiyo hiyo, akanipeleka stoo.

Stoo ndiyo ilikuwa shule yangu. Tulining'iniza mablanketi manne na godoro kuukuu moja, ili sauti isigonge ukuta ikarudi. Maikrofoni Gitonga aliivika soksi safi. Umbali wa mdomo ni ngumi moja na kidole gumba kimesimama, sijawahi kuubadilisha. Usinywe chai ya maziwa kabla ya kurekodi, mate yatakuwa mazito na kila neno litatoka likilambwa. Kunywa maji ya uvuguvugu. Na usisome. Mimi kusoma kwangu ni kwa pole pole, kwa hivyo Gitonga alininong'oneza neno, mimi nikalisema. Akagundua kwamba hiyo ndiyo dawa. Anayesoma karatasi anasikika akisoma: macho yako mbele, sauti iko nyuma inaburutwa kama ndama.

Mkiniuliza chombo changu kikubwa kilikuwa kipi, nitasema ni kitunguu. Msicheke. Nilibeba vitunguu, mafuta na sufuria ndogo kwenye kila nyumba tuliyofunga sanduku. Navikaanga jikoni kwa mteja, Gitonga analisemesha sanduku. Vitunguu vikilia kwenye mafuta na mimi sisikii neno, hiyo kazi haijaisha, hata kama taa ni kijani kama sukuma. Nyumba haiishi kimya. Kuna mvua kwa mabati, kuna redio, kuna mtoto anagonga sahani. Sebule ya vigae inarudisha sauti mara mbili, huko unapunguza. Spika ikikaa juu ya jiko, mafuta yanaiziba na inaanza kuongea kama mlevi. Na nyigu wanapenda spika kuliko nyinyi mnavyopenda simu zenu, kwa hivyo ingiza kijiti kabla hujalaumu waya.

Halafu wakuu wakaona kazi inakubalika, wakaanza kuiharibu. Meneja akataka kila tangazo lianze kwa kumshukuru mteja na kutaja kampuni.

"Ni heshima, Mama Kagendo."

"Heshima ni kumwambia nyumba yake inaungua."

"Lakini ni sekunde chache tu."

"Basi shika sufuria ya moto kwa hizo sekunde chache, mimi nikushukuru."

Alirudi ofisini kwake. Lakini mwezi uliofuata, nikiwa nimeenda mazishi Mbeere, walimwita yule karani akayasoma maneno ya shukrani, wakayabandika mbele ya maneno yangu. Sanduku likawa linaongea kwa sauti mbili, kama mtu aliyeingiwa na pepo. Ndivyo lilivyopelekwa Kiirua, na ndipo ninapofika kwa Mama Murithi.

Mama Murithi alikuwa mzee wa kunizaa mimi, na macho yake yalikuwa yamebaki kuona mwanga na vivuli tu. Aliishi peke yake katika nyumba ya mawe aliyojengewa na mwanawe Murithi, ambaye yuko Nairobi. Alikuwa na ng'ombe mmoja, kipande cha viazi, na kaburi la mzee wake chini ya ua wa mikiepo yenye miiba. Murithi ndiye aliyetaka sanduku. Siku moja mama alifungua gesi, kiberiti kikakataa, jirani akamwita nje, akasahau. Sanduku likaanza: asante kwa kutuchagua, na kadhalika na kadhalika. Mama alidhani ni mhubiri wa redio. Akakaa sebuleni akaambua maharagwe yake, na gesi inajaa jikoni. Aliyemwokoa ni jirani aliyekuja kurudisha ungo akasikia harufu.

Murithi alikuja mbio. Mimi na Gitonga tuliitwa tusimame mbele yake kama watoto walioiba.

"Hii ikirudia mara moja tu," alisema, "Mami anahama. Nina chumba Nairobi, ghorofa ya sita. Mwisho wa mwezi nakuja na pikapu."

Mama akamuuliza, "Huko juu nitapanda viazi wapi, kwa choo?"

"Mami, sitaki kuitwa kukuzika."

"Na mimi sitaki kuzikwa nikiwa hai."

Murithi alipotoka nje, mama alinishika mkono. Aliniita mwari, yaani binti, mimi mwenye wajukuu saba. "Mwari, hiyo kitu yako ndiyo inanifukuza kwangu. Itengeneze."

Niliona aibu, na aibu yangu ikitoka huwa inatoka kama hasira. Nilirudi stoo nikaamua: wameshindwa kusikia maneno? Basi watasikia kitu ambacho hakuna mtu wa mlima huu asiyekisikia. Nikafunga mlango, nikasimama mbali na maikrofoni, nikapiga nduru. Nduru ya kweli, ile ya "Uuuui!" ambayo mama anapiga akiona moto kwenye paa au mwizi kwa zizi. Gitonga alitoka na masikio ameyaziba.

"Una uhakika?"

"Mzee Gitonga, hii hata wafu wataisikia."

Sasa hili ni kosa langu, si la meneja, si la karani. Ninalisema kwa mdomo wangu, Kinya aliandike. Tulilifunga sanduku Kiirua saa nne asubuhi. Gitonga akachukua kiberiti cha gesi, akakipuliza bila moto karibu na pua, hiyo ndiyo ile sehemu inayonusa. Nduru yangu ikatoka, ikapita dirishani, ikashuka mteremko wote. Kabla Gitonga hajafika kwa swichi, watu walikuwa wamejaa. Wanaume na mapanga, mama mmoja na ndoo ya maji imemwagika nusu, mwingine na jembe bado lina udongo, mwalimu mmoja na chaki mkononi. Na M'Ikiara, jirani wa pili, mzee mwenye mguu mbaya, alikuwa amekimbia na huo mguu.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Hakuna," nikasema. "Tulikuwa tunajaribu chombo."

Waliteremsha mapanga wakaniangalia. Afadhali wangenitukana. M'Ikiara alijikalisha chini pole pole, anapumua.

"Kujaribu," akasema. "Mama, nduru inajaribiwa?"

Nilijua anachosema. Kwetu Mbeere ni hivyo hivyo. Nduru ikilia, huulizi ni ya nani, huulizi mligombana jana, unaacha chakula unakimbia. Kwa sababu hiyo haipigwi ovyo. Nilipika chai ya watu wote hao, sufuria baada ya sufuria, na wakainywa bila kunishukuru. Nilistahili. Tungeitoa hiyo sauti siku ile ile, lakini meneja alipiga simu akasema hapana, iacheni, imefanya kazi vizuri sana, ripoti itapendeza. Na mimi, Murungu anisamehe, nilitii.

Siku ya tatu mama alipulizia dawa ya kunguni chumbani. Pua ikadanganyika, ikadhani ni gesi. Nduru ikalia tena. Wachache walikuja, wakitembea. Kesho yake ikalia tena kwa ajili ya ile dawa, na hakuna mtu aliyekuja. Mama alisimama mlangoni akisikiliza hiyo nduru yangu ikipita mashamba, na majembe yanaendelea kulima. Jirani mmoja akampigia Murithi simu. Murithi hakungoja mwisho wa mwezi, akasema pikapu inakuja Jumamosi.

Tulifika Alhamisi. Mama hakuniita mwari.

"Umechukua kilio changu," aliniambia. "Nilikuwa nacho kimoja. Nilikitunza, sijawahi kukipiga hata mzee alipokufa, alikufa kitandani, haikuwa haja. Siku nikianguka kule kwa ng'ombe nikipiga, nani atakuja?"

 Nilimwambia Gitonga angoe ile sauti kwanza, aifute mbele yangu. Halafu nikaketi chini kwenye mkeka, karibu na miguu ya mama, nikamuuliza kama mtu asiyejua kitu.

"Mama, kama mimi ni jirani, niko hapa sebuleni, na ninaona moshi jikoni kwako, nikuambie vipi?"

"Si utaniambia jikoni?"

"Niseme, samahani Mama Murithi, kuna moshi—"

"Samahani ya nini? Utasema jikoni! Nikijua ni jikoni, miguu imeshaanza kwenda. Hizo zingine utaniambia nikiwa njiani."

Gitonga aliweka bisibisi chini. Miaka yote hiyo tulikuwa tunaanza na kitu: gesi imevuja, geti limefunguka, pampu imewaka. Au tunaanza na salamu, kama hao wenye diploma. Na mimi ndiye niliyekuwa na makosa zaidi, kwa sababu mtoto wa Mbeere anajua hata nduru ikishapigwa, neno la kwanza baada yake ni pahali. Mtoni! Kwa nani fulani! Bila pahali watu watakimbilia upande mbaya. Nilikuwa nimebeba nduru kutoka nyumbani nikaacha akili yake huko.

Tulirekodi pale pale, chumbani kwa mama, mablanketi yake yamening'inizwa kwa kamba. Pahali kwanza. Kisha kitu. Kisha kimya, apate kufikiri. Kisha tena. Si kwa kupiga kelele: kwa sauti ya mtu aliye chumba cha pili ambaye amesimama kukuambia. Mama mwenyewe alikaa jikoni na vitunguu vyangu vikikaangwa, na nikikosea anagonga sufuria na mwiko. Aligonga sana siku hiyo. Kuna "jikoni" niliyoisema mara kumi na moja, kwa sababu alisema zile kumi zilikuwa zinamwogopesha au zinambembeleza. "Niambie tu," alisema. "Niambie kama mtu ananiambia."

Ijumaa sikufanya kazi ya fundi. Nilitembea nyumba kwa nyumba mteremko ule mzima, na leso yangu kiunoni, kuirudisha nduru. Sikutuma mtu. Kila mlango nilisema: chombo hakitalia tena, mimi ndiye niliyekosea, mkisikia nduru kwa Mama Murithi jueni ni yeye. Mwingine alinifungia mlango. Mwalimu alinisomea hotuba. M'Ikiara alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na huyo mkubwa wako, yeye atakuja lini kuomba msamaha?" Mpaka leo, meneja, Kiirua wanakungojea.

Jumamosi Murithi alikuja na pikapu na dereva na kamba. Hakutusalimia. Mama alikuwa nje kwa ng'ombe. Murithi alipita moja kwa moja jikoni, akafungua gesi bila kuwasha, akarudi sebuleni akakunja mikono. Gitonga akataka kuinuka, nikamkanyaga mguu.

Tulisikia gesi ikivuja. Kisha sanduku likasema, "Jikoni. Gesi." Likanyamaza. "Jikoni. Gesi."

Mama aliingia kwa mlango wa nyuma. Hakukimbia. Mkono mmoja kwa ukuta, akafika kwa mtungi, akaufunga, akasukuma dirisha, akabaki hapo amepumzisha kiganja juu ya mtungi. Sikupumua, si kwa sababu ya gesi.

"Murithi," akasema, bila kugeuka.

"Mami, umejuaje ni mimi?"

"Mgeni hawezi kuwa na adabu mbaya hivyo. Ulitaka kuniua ili ujue kama nitakufa?"

"Nilitaka tu kuona kama—"

"Umeona?"

Murithi alikuwa mtu mzima, ana tumbo na tai, lakini alitazama sakafu. Akasema kwa sauti ndogo kwamba huko Nairobi simu ikilia yeye huogopa kuishika. Mama alimwambia yeye pia anaogopa, anamuogopea yeye na magari ya huko, na hajawahi kuja kumfunga kamba.  Kisha Murithi akatoka kwenda kumwambia dereva akunje kamba, kichwa chini, akiacha mlango wazi nyuma yake, na baridi ya mlima ikaingia yote.

"Mlango wa mbele," sanduku likasema. "Uko wazi."

Mama aliinua uso.

"Umesikia umeambiwa, Murithi?" akaita. "Rudi uufunge. Na huyo dereva wako aje anywe chai, asikae hapo nje na kamba kama mtu amekosa kazi."